Joto la Viganjani

Jumatatu, 4 Machi
Nimeanza mazoezi ya Kichina, yale ya polepole, ukumbi wa juu ya duka la dawa. Tangu nijifungue mgongo unalia kama bawaba yenye kutu. Mwalimu katuambia tukumbatie mpira usioonekana, tusubiri joto viganjani. Jirani yangu mshonaji kafumba macho, kisha katangaza kwamba anasikia maji ya uvuguvugu yakimshuka hadi visiginoni. Mimi? Ganzi ya mguu wa kushoto.
Mwalimu anatafuta msaidizi wa darasa la kina mama. Msaidizi ruksa kuja na mtoto! Nafasi hiyo ni yangu. Mwanangu amechoka kuachwa kwa mama mkwe, anayemfunika mablanketi jua likiwaka.

Jumatano, 6 Machi
Mbinu! Kabla ya darasa nimejipaka dawa ya kuchua viganjani. Joto likaja. Likaja mno. Nikamwambia mwalimu moto unawaka. Akafurahi. Kisha, mjinga mimi, nikafuta jasho usoni. Mama yangu wee! Machozi chururu! Mwalimu akasema wengine hulia hivyo, ni huzuni za zamani zinatoka mwilini. Nikaitikia, ndiyo mwalimu, huzuni. Mshonaji akanusa, akasema huzuni zangu zinanuka karafuu. Ana pua kama paka, yule!
Nimenawa kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikalalamika, ndipo nikamgusa mwanangu.

Alhamisi, 7 Machi
Mume kauliza mbona namenya viazi kama niko chini ya maji. Nikamwambia ndiyo mazoezi. Akasema basi tutakula mwakani.

Ijumaa, 8 Machi
Siku ya kuchagua msaidizi, na mama mkwe jino linamuuma! Nikaenda na mtoto. Akaangua kilio. Nikambeba, nikaegemea mguu huu, kisha ule, magoti laini, kama ninavyombembeleza nyumbani. Akanyamaza. Mgongo nao ukaachia, pingili baada ya pingili. Raha! Halafu joto, kifuani, tumboni, mpaka gotini. Nikapiga ukelele, limekuja! Na leo bila dawa!
Mwalimu akasogea, akanitazama, akasema kwa upole kwamba nepi imevuja.
Ukumbi mzima hoi. Mshonaji alicheka mpaka nikamwambia ameangusha mpira wake.
Lakini mwalimu akasema hajaona mtu wa kuhamisha uzito kwa utulivu namna ile. Kazi ni yangu! Akaongeza, kwa kunikazia macho, kwamba joto halitafutwi. Nisimame tu, litakuja lenyewe.

Jumamosi, 9 Machi
Nimelala kama gogo. Mgongo kimya. Mwanangu ananichekea kwa jino lake moja, hajui kuwa mama yake ni msaidizi.
Maneno ya mwalimu yameniingia kabisa. Joto halitafutwi.
Ila kina mama wa Jumatatu ni wageni, maskini, wasije wakakata tamaa. Nimemtuma mume akaninunulie kopo la dawa ya kuchua, lile kubwa. Nitasimama mlangoni niwape mkono wote, mmoja mmoja. Mshonaji nitampa yote miwili.