Panya wa Hilari Hawavimbi

Jumatatu, 8 Oktoba 1973

Mwanangu Hilari ni mtaalamu. Naanza na hilo kwa sababu leo bombani, hapa Cheyo, Tabora, mtu kasema eti ni mfuga panya. Mfuga panya! Kijana aliyesoma mpaka Dar, na mimi wa darasa la nne ndiye niliyemzaa!

Nimempelekea chakula kwenye kituo chao cha utafiti, kama kila siku. Ugali, mlenda, na michembe yangu, viazi vitamu vikavu vya kutafuna baadaye. Nikachungulia panya. Weupe, macho mekundu, vizimba viwili: sita wa Hilari, sita wa mwenzake Ambrosi. Wote wamechomwa sindano mguuni. Wa Ambrosi wamevimba, miguu kama karanga mbichi. Wa Hilari hata kidogo! Sindano ile ile, asubuhi ile ile.

Hapa kuna mkono wa mtu.

Jumanne, 9 Oktoba

Nimemchunguza Ambrosi. Kaniamkia shikamoo mama, kanipokea kapu, kanivutia kiti. Anayekuheshimu kiasi hicho ana lake.

Halafu akaanza utani, maana yeye Mluguru na mimi Mnyamwezi. Eti babu zetu walibeba mizigo ya watu mpaka pwani, leo tumeishia kubebana na panya. Nikamwambia babu zake walikuwa wanatuchungulia toka mlimani, wanaogopa kushuka. Kacheka sana. Kupita kiasi.

Panya wa Hilari bado wembamba miguu. Nimewatupia kipande cha michembe wapate nguvu. Wamekula. Miguu vile vile.

Jumatano, 10 Oktoba

Nimembana Hilari. Kasema panya wake wamezaliwa na kasoro ya urithi: damu yao haina protini fulani. Anadhani protini hiyo ndiyo inayouita uvimbe mwili unapoumizwa. Wasipovimba, na wa Ambrosi wakavimba, kazi ya protini imejulikana. Wa Ambrosi ni wa kulinganishia tu.

Ijumaa anakuja Daktari Gulzar kutoka Dar kukagua. Akiridhika, Hilari anapata nafasi ya masomo ya juu. Nafasi yenyewe ni moja.

Nikaitikia kwa kichwa. Maskini mwanangu! Mtoto mwenye adabu hawezi kumwambia mama yake kwamba ameshindwa. Kasoro ya urithi! Kwetu hakuna kasoro.

Alhamisi, 11 Oktoba

Nimefanya.

Vijana walikwenda kunawa. Nikawatoa panya sita wa Ambrosi, wenye miguu yao minono, nikawaweka kwa Hilari. Wale sita wembamba nikampa Ambrosi. Huu si wizi. Tangu enzi za misafara, mtu akipita kwa mtani wake hukamata kuku, akala, na mwenye kuku hana la kusema. Kama kuku anachukulika, panya je?

Mmoja kaniuma. Kidole kimevimba, kinapwita. Basi hiyo protini mimi ninayo, tele!

Ijumaa, 12 Oktoba

Daktari Gulzar ni mama mfupi, hacheki ovyo. Mimi nilikuwa dirishani na kapu langu. Hilari, shati limepigwa pasi na mimi, akasema kwa sauti nzuri kwamba panya hawa, kama mnavyoona, hawavimbi. Akafungua kizimba.

Miguu ya karanga mbichi tupu!

Nikapiga makofi. Peke yangu.

Daktari akauliza kama basi ile protini haina kazi yoyote. Hilari akainama kuwahesabu panya: sita. Ambrosi ndiye aliyemshika panya mmoja akamtazama sikio. Akamtazama wa pili, wa tatu. Kumbe panya wake wote huwatia alama sikio la kulia! Kisha akatazama kidole changu chenye kitambaa. Akacheka mpaka akakaa chini.

Nikasema mtani hachukiwi. Ambrosi akakubali, hachukiwi. Daktari Gulzar akasema yeye Tabora hana mtani. Kisha akaokota mabaki ya michembe kizimbani, akauliza ni nini. Nikamweleza inavyokaushwa. Hakuandika hilo. Aliandika kwamba panya walioshikwa na kulishwa na mtu asiyehusika hawathibitishi kitu, hata kama alama zipo. Kazi ianze upya. Atarudi Januari, na nafasi haitasubiri zaidi ya hapo.

Uso wa Hilari sikuweza kuutazama.

Jumamosi, 13 Oktoba

Hilari hasemi nami. Kala sahani mbili, lakini hasemi.

Ambrosi kaja asubuhi, kapita moja kwa moja uani, kamkamata jogoo wangu, kaondoka naye anaimba. Sina la kusema. Huo ndio utani.

Kituoni nimepigwa marufuku. Chakula nikiache getini, mlinzi akipeleke ndani bila kufunua. Amri ya mkuu.

Nimefikiri. Panya wapya wakija, nani atawalinda mpaka Januari? Hilari ana moyo mweupe, haoni kinachomzunguka. Mlinzi anasinzia. Ambrosi sasa anazijua mbinu zangu. Wanahitaji mlinzi asiyesinzia, asiyehongwa, asiyewaondolea panya macho kutwa kucha.

Nimempata! Nimechagua paka mkali kuliko wote hapa Cheyo. Jumatatu anaingia na kapu, chini ya kitambaa. Sijampa chakula tangu asubuhi, ili awe macho.