Mlango wa Makumbusho ya Willow Fork

Mchungaji Nygaard, Kamanda wa Zimamoto, ambaye pia ndiye kikosi chenyewe, Malkia wa Viazi wa mwaka huu, na yule wa mwaka jana ambaye bado hajarudisha taji, wakulima, wastaafu, wadau wa historia, na ninyi mliofuata harufu ya kahawa (makofi, hasa upande wa kahawa): mimi, Delbert Haugen, Meya wenu kwa awamu ya tatu bila mpinzani, nasimama mbele ya mlango huu nikiwa na unyenyekevu usio na mfano katika Dakota Kaskazini nzima.

Ndugu wananchi, mwaka juzi mlinikabidhi vitu vya mababu zenu, na leo, baada ya mchakato shirikishi, upembuzi yakinifu na ziara yangu ya mafunzo huko Florida, ambako nilitafakari makumbusho kwa kina nikiwa nimevaa kaptura, natangaza kwamba utekelezaji umefikia asilimia tisini na sita ya mlango. (Bi Ardis Tollefson: "Wewe mtoto wa Gladys, jiko la bibi yangu liko wapi? Wajukuu wametoka Minneapolis kuja kuliona!") Swali zuri, Bi Ardis, litajibiwa katika awamu husika. (Bi Ardis anauzunguka mlango.) Mama, utepe haujakatwa! Pita mlangoni kama watu wengine! (Bi Ardis, kutoka nyuma: "Jamani, huku kuna nyasi tu! Na ng'ombe!" Vicheko.) Huo ndio ukumbi wa wazi, na ng'ombe ni sehemu ya maonyesho.

Wapo wanaobeza. Nawauliza: mji gani jirani una mlango kama huu? (Sauti: "Wenzetu wana makumbusho!") Wana kuta, bwana! Sisi tuna dira!

Makumbusho oyee! ("Kahawa oyee!") Historia mbele! ("Jiko liko wapi?")

Kwa kumalizia, namshukuru seremala kwa mlango, mwenye ng'ombe kwa nyasi, na kipekee Bi Ardis, ambaye jiko lake lilinipasha moto msimu wote wa baridi katika kibanda changu cha kuvulia samaki juu ya barafu ya ziwa, likanikaangia samaki watamu ajabu, mpaka ile Jumapili ya mwezi wa nne barafu ilipoyeyuka ghafla kinyume na makadirio ya ofisi yangu. Tangu hapo jiko limehifadhiwa chini ya ziwa, ambako, nawahakikishia, hakuna mwizi anayeweza kulifikia. Asanteni sana kwa… Bi Ardis, mama yangu, huo mkasi ni wa utepe!