Lori la Maharagwe Lililoogopa Soseji

Asubuhi hiyo mbaazi za Bi Mwanafatuma zilikuwa bado zachemka, lakini habari ilikuwa imekwisha kuungua.

"Lori limepita," alisema, akigonga mwiko ukingoni mwa sufuria. "Magunia thelathini ya mahindi na maharagwe, yalikuwa yaje hapa Bongwe. Yameshushwa Taru."

Chirau alikuwa ameinua kikombe cha kahawa. Kikabaki hewani, hakiendi kinywani, hakirudi mezani.

Pale benchini, mbele ya kibanda cha mbaazi na mahamri, kila mtu alikuwa na jina la pili. Bi Mwanafatuma aliitwa Redio, kwa kuwa hana kizimio. Zahoro, fundi cherehani, aliitwa Kadhi, kwa kuwa hakuna kesi isiyomhusu. Absalom, mtu wa Kakamega, askari wa lango kwenye nyumba moja ya Mzungu huko Diani, aliitwa Bara, na mwenyewe aliitika. Naye Chirau alikuwa Shefu. Alishika kikaango cha hoteli miaka tisa, mpaka fujo za mwaka juzi zikawafukuza wageni na hoteli ikafunga milango. Kazi ikaenda, jina likabaki. Na kazi mpya ilikuwa ije na lori hilo hilo: shule ianze kupikia watoto chakula cha mchana, na mwalimu mkuu alikuwa amekwisha kumtajia Chirau habari za mwiko.

"Taru?" aliuliza Chirau. "Taru kuna nini?"

"Kuna njaa," alisema Bi Mwanafatuma.

"Na hapa kuna nini?"

"Hapa kuna soseji."

Absalom alicheka mpaka hamri likampalia. "Manze, Redio, soseji ziko wapi? Mi nimekaa hapa miaka sita sijaona hata ngozi yake!"

"Ziko kwenye madaftari. Yale ya watoto."

Hapo kila mtu benchini akainamia kikombe chake.

Mwezi uliopita walimu waliwaambia watoto waandike, wiki nzima, kila wanachokula nyumbani: asubuhi, mchana na jioni. Watu wa shirika la misaada wangeyasoma. Sasa mzazi gani mwenye akili zake timamu angekubali mgeni asome kwamba mwanawe ameshiba muhogo na mchunga, yale majani machungu yaotayo nyuma ya choo? Bongwe wakakaa chini na watoto wao. Baba ataja, mtoto aandika.

"Mimi sikudanganya," alisema Zahoro. "Nilimwandikisha mwanangu kile ambacho angekula lau Mwenyezi Mungu angetujaalia."

"Nini hicho?"

"Soseji. Jumatatu hadi Ijumaa."

"Na hizo soseji, Kadhi," aliuliza Chirau kwa hasira za mpishi, "hupikwaje?"

"Hupikwaje vipi? Huchemshwa kwa tui."

"Kwa tui!"

"Tena tui la kwanza. Kwani mimi maskini?"

Absalom akajipiga paja. "Mi nilimwambia kijana aandike krispi na soda. Asubuhi, mchana, jioni. Si ndio watoto wa bosi wangu wanakula?"

"Meno wanayo, hao watoto?" aliuliza Bi Mwanafatuma.

"Wanayo. Lakini unaweza kuyahesabu ukiwa barabarani."

"Mjukuu wangu ameandika keki," alisema Bi Mwanafatuma bila haya, "na nyama ya kopo, na juisi ya unga."

"Astaghfirullahi, wewe muuza mbaazi?" alimaka Zahoro.

"Mbaazi huliwa na wateja, mwanangu."

Chirau hakucheka. Daftari la Jumwa, bintiye, alilitaja yeye kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho: soseji mbili, mayai ya kukaanga, mkate mweupe kwa siagi na jemu, tambi za paketi, aiskrimu ya rangi tatu. Alijiambia, hapa anatafutwa mpishi, basi na waone nyumba ya mpishi. Jumwa aliandika kwa mwandiko mzuri, akimeza mate kila mlo. Siku ya mwisho akauliza, "Baba, hivi tulivyoandika, twala lini?" Chirau akamwambia afunge daftari.

Mara pikipiki ikatoka upande wa Ukunda, ikasimama. Aliyeshuka ni Sista Roselyne, muuguzi aliyekuja kwa kazi ya madaftari, kwapani ana bunda la makaratasi yaliyokunjwa.

"Shikamoo, mama. Hamjambo, wazee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu mbaazi."

"Nitakula nikimaliza hasira." Akafunua karatasi moja, akaibandika ubavuni mwa kibanda. Ilikuwa picha ya mtoto mwenye mashavu kama mabuyu, chupa ya soda mkononi, meno meusi tititi. "Nimeyasoma madaftari yenu yote. Nimeuguza watu miaka kumi na miwili, sijapata kuona watoto wanaolishwa ovyo kama wa hapa. Sukari, chumvi, mafuta, rangi! Mboga hamna. Samaki hamna, na bahari si hii hapa? Na krispi za langoni pa shule nimeziona kwa macho yangu. Mtoto akila hivi mpaka darasa la nane, atamaliza mtihani na meno siku moja."

Zahoro alifunga mdomo wake, kwa tahadhari.

"Wenye lori wamesema," aliendelea Sista Roselyne, "kijiji chenye soseji hakihitaji maharagwe, kinahitaji mafunzo. Nimewaletea karatasi arobaini."

"Hizo karatasi," aliuliza Zahoro, "huliwa na nini?"

"Baba, mimi sitanii. Kuna lori la pili Jumatatu, na orodha naifunga leo adhuhuri. Mzazi ambaye daftari la mwanawe lina uongo, aseme hapa hapa, kwa kinywa chake, nami nisahihishe. Hamsemi, hakuna lori. Hakuna lori, hakuna jiko wala mpishi."

Akatoa kalamu. Benchini kila mtu akapata shughuli. Zahoro alianza kutunga uzi kwenye sindano ambayo tayari ilikuwa na uzi. Absalom akafunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa ndara.

Chirau jasho lilimtoka. Kwenye benchi hili hili amejisifu miaka: kwangu sima huliwa kwa kuku, wanangu hawajui mchunga una rangi gani. Akifungua kinywa, watamcheka mpaka Idi ya mwaka ujao. Akikifunga, mwiko wake umekwenda Taru.

Akasimama.

"Andika, Sista. Chirau, babake Jumwa, darasa la tano."

"Shefu, kaa chini," alinong'ona Absalom.

"Asubuhi, muhogo wa kuchemsha na chai ya strungi, bila maziwa. Mchana hana kitu. Yuaja nyumbani, anywa maji, arudi shule. Jioni sima na mchunga, au kunde za nazi. Dagaa zikipatikana. Jumapili..." Akajikohoza. "Jumapili, sima na mchunga."

"Na soseji?"

"Sista, soseji ya mwisho kuingia nyumbani kwangu iliingia mfukoni mwa suruali, mwaka wa tisini na sita. Nayo ilikuwa nusu."

Kicheko kilichopasuka hapo kiliwarusha kuku wa jirani. Lakini kalamu ilikuwa yaandika, na kila mmoja aliiona ikiandika. Ghafla wote wakamzunguka Sista Roselyne.

"Niandike mimi!" alipaza Zahoro, shavu moja limevimba hamri. "Wallahi kwangu moto haujawashwa tangu Ramadhani!"

"Sista, sisi tunakula mara moja kwa wiki," alisema Absalom. "Na hiyo mara moja tunaenda kwa jirani."

"Jirani yupi?"

"Huyu Kadhi."

"Huyu ambaye hajawasha moto?"

"Ndiyo maana tumekonda hivi!"

"Mjukuu wangu hulamba mwiko mkavu," alisema Bi Mwanafatuma, na mvuke wa mbaazi ulimficha uso.

Sista Roselyne aliandika, akafuta, akaandika. Kisha akarudi ukurasa wa kwanza. "Nyinyi wengine nitawapitia majumbani sasa hivi, nifunue masufuria mwenyewe. Lakini huyu baba namwamini. Kunde, majani, nazi, dagaa. Mtoto huyu akipata mlo wa mchana tu, hana kasoro. Na shuleni nataka mpishi wa chakula cha namna hii. Hebu niambie, huo mchunga ni mchungu kama kwinini. Nani anaupika hata mtoto akaula?"

Chirau alifungua kinywa. Uongo mdogo tu ungetosha, neno moja lenye herufi nne: mimi. Akamwona akilini Jumwa akimeza mate juu ya daftari.

"Mke wangu," alisema. "Sidi."

"Na wewe, Shefu, wapika nini?" aliuliza Bi Mwanafatuma.

Chirau akaitazama ile picha ukutani. Mtoto wa meno meusi naye akamtazama.

"Soseji," akasema.

Absalom aliteremka kutoka benchini mpaka mchangani, akabaki huko. Sista Roselyne hakucheka, aliandika polepole, huku akisoma kwa sauti: "Sidi, mke wa Chirau. Mpishi. Aje shuleni Jumatatu, saa moja asubuhi." Akatia kalamu mfukoni, akawasha pikipiki. "Naanza kwa fundi cherehani."

Ilikuwa kama mtu ametupa nyoka benchini. Zahoro aliruka ua wa makuti, akikata njia ya mkato, huku akimwita mkewe kwa mbali azime moto na afukie samaki. Absalom akainuka mchangani mbio, ndara mkononi. Bongwe haijapata kuona watu wakikimbilia nyumbani kwenda kuficha chakula.

Chirau alibaki na kahawa yake iliyopoa. Hakuwa na cha kuficha. Akainywa kahawa mpaka machicha, akakung'uta suruali.

"Waenda wapi, mume wa mpishi?" aliuliza Bi Mwanafatuma. Alikuwa amefunika sufuria kwa kanga na kuivuta kutoka jikoni.

"Kumpa Sidi habari ya kazi yake."

"Basi shika mkono huu wa sufuria, baba, nami nishike ule. Twende mbio, Sista hajafika kwangu."

Chirau akashika. Ilikuwa sufuria nzito, mbaazi zimejaa mpaka shingoni. "Twaipeleka wapi?"

"Kwako," alisema Bi Mwanafatuma. "Ndiyo nyumba pekee ambayo hatafunua kitu."