Foleni Fupi Yenye Viti

Jumatatu, 3 Juni

Nimetoka ofisi ya nyumba za serikali. Namba yangu: mia mbili na kumi na mbili. Nimesimama mpaka miguu ikafa ganzi. Bi. Yim wa dirisha la tano akapekua faili langu, akaniambia bila kuinua macho kwamba mwanamume wa miaka arobaini na tisa, mzima wa afya, asiye na mke wala mtoto, ana alama chache mno. Nikauliza, lini basi? Akasema kwa mwendo huu, pengine nikiwa na sitini na tisa. Nikamwambia siku hiyo nitamletea keki. Hakucheka.

Halafu nikaona! Dirisha la pili. Watu saba tu, wamekaa kwenye viti vyenye mito, na maji baridi ya bure pembeni. Mama mmoja amekuja na mama yake mzee. Dakika kumi, mihuri mitatu, hao wameondoka. Nikamuuliza bawabu wale ni wakubwa gani. Akasema ile ni foleni ya wanyonge: wazee, walemavu, na wanaoishi na wazee wao na kuwatunza.

Wanaoishi na wazee wao! Mimi, Mok Siu-hang, muuza miavuli, nimekaa mtaa wa Sham Shui Po miaka kumi na mmoja katika chumba ambacho huwezi kufungua mwavuli ndani yake, kumbe nilichokosa ni mzee!

Nimepanda ngazi hadi ghorofa ya tano nikipiga hesabu kwa sauti. Kosa. Jirani yangu Poon, mzee wa miaka sabini na miwili, anasikia kila kitu kupitia ubao unaotutenganisha. Alikuwa fundi lifti maisha yake yote, sasa ana goti bovu na anaishi kwenye jengo lisilo na lifti. Ananichukia kwa sababu ya jiko tunalochangia.

"Kijana," akasema kupitia ubao, "mzee hakodishwi kama baiskeli."

Wivu tu.

Jumanne, 4 Juni

Nimewapitia ndugu wote kichwani. Baba na mama wameshafariki, jambo lililoniharibia sana mipango. Amebaki Shangazi Fung-kiu, dada wa baba. Mjane, hana mtoto, miaka sabini na sita. Umri mtamu kabisa! Mara ya mwisho nilimtembelea miaka sita iliyopita.

Nikanunua biskuti za lozi, nikaenda mtaa wa To Kwa Wan. Alikuwa akicheza mahjong na wenzake barazani. Aliponiona akaweka kete chini.

"Nani amekufa?"

Nikasema hakuna aliyekufa, nimemkumbuka tu.

"Basi unaumwa."

Nikasema siumwi, nataka kumtunza uzeeni. Wenzake watatu wakaacha kucheza wakanitazama. Mmoja akafungua boksi la biskuti kuona kama kuna karatasi ya kutia sahihi ndani.

Baadaye nikamweleza ukweli, kwa sehemu. Akasikiliza hadi mwisho. Akasema sawa, atakuja, ila kitanda ni chake. Nikakubali. Mpango umesimama! Mtu wa akili hahitaji zaidi ya siku mbili.

Alhamisi, 6 Juni

Amehamia. Nilidhani nitalazimika kumbeba mgongoni mpaka juu, na nilitaka majirani waone. Badala yake nilibeba sufuria lake kubwa la supu, naye akanitangulia. Katika kila ghorofa alinisubiri.

"Pumzika, Hang. Uso umekuwa wa buluu."

Hili ni tatizo. Foleni ya wanyonge haiwezi kupokea mnyonge anayepanda ngazi vizuri kuliko mimi.

Ninalala sakafuni. Chumba hakinitoshi, kwa hiyo mlango haufungiki na miguu yangu inabaki ukumbini. Poon ameshaikanyaga mara mbili. Mara ya pili hakuomba hata radhi.

Ijumaa, 7 Juni

Mafunzo. Nimemnunulia Shangazi mkongojo uliotumika. Nikamwonyesha jinsi ya kuinama, kuburuta mguu, kushika kiuno. Akanitazama kama anayetazama samaki wa juzi sokoni.

"Mguu wangu una kosa gani?"

"Hauna kosa, Shangazi. Ndilo kosa lenyewe."

Kukohoa akakataa kabisa. Alisema alikohoa vya kutosha mwaka ule wa nimonia, na hakumwona mtu. Sikuelewa kwa nini alinitazama mimi.

Mkongojo amepata kazi nyingine. Anaugonga kwenye ubao, mara tatu, ili Poon aongeze sauti ya redio wakati wa opera. Na Poon anaongeza! Mimi nimemwomba apunguze miaka sita!

Jumatatu, 10 Juni

Sikukuu ya mashua. Sikuuza mwavuli hata mmoja, jua lilikuwa linachoma. Nimerudi nikakuta Shangazi ametandaza majani ya mwanzi ukumbi mzima, anafunga wali wa sikukuu ndani yake. Nyama ya nguruwe, kiini cha yai la chumvi, hakuna ubahili. Poon ameketi kwenye ndoo yangu, anakata kamba. Goti lake amelinyoosha juu ya godoro langu.

Mgao: Poon mafungu manne. Mimi mawili. Nikauliza kwa upole damu ni ya nani hapa.

Shangazi akasema Poon ametengeneza feni yake, amelibana bomba la jikoni lisivuje, na amemuuliza mumewe alikuwa mtu wa namna gani. "Wewe umeniuliza tarehe ya kuzaliwa."

Nikamjibu kwamba tarehe ndiyo inayohitajika kwenye fomu.

Mawili yale yalikuwa matamu mno. Inaniudhi.

Jumatano, 12 Juni

Siku ya usaili. Foleni fupi! Viti! Nimekunywa vikombe sita vya maji kwa furaha. Shangazi nilimwambia asisimame kwa lolote. Namba yetu ilipoitwa akaruka kama amekalia pini, akanitangulia dirishani. Mkongojo ukabaki kwenye kiti. Nikauchukua, nikajikuta ninauegemea mimi.

Nani yuko dirishani? Bi. Yim. Amehamishwa dirisha wiki hii. Bahati yangu hiyo.

Akauliza Shangazi anatumia dawa gani. Nikasema nyeupe. Za nini? Nikasema za uzee. Akauliza asubuhi anakula nini. Uji, nikasema, ninampikia mwenyewe, ninaupuliza upoe. Shangazi akasema hajatia uji mdomoni tangu mumewe afe, na kwamba mimi asubuhi ninakoroma.

"Bwana Mok," akasema Bi. Yim, "mzee huyu unamtunza tangu lini?"

"Tangu zamani, mheshimiwa."

"Tangu Alhamisi," akasema Shangazi.

Nikamkanyaga kidogo chini ya meza. Akanikanyaga sana.

Kisha Bi. Yim akaniacha, akamgeukia yeye. Alikuwa akiishi wapi? Shangazi akasema To Kwa Wan, chumba cha watu tisa, kitanda cha juu. Miaka kumi na minne. Ngazi yake ni ya chuma, imelegea, kwa hiyo jioni hanywi maji, asije akahitaji kushuka. Alisema hivyo kama anayetaja bei ya kabichi.

Kalamu ya Bi. Yim ikasimama. Akamuuliza kwa nini hakuwahi kuandikisha jina. Foleni hii ni yake. Ingekuwa yake miaka kumi na sita sasa.

"Hakuna aliyeniambia," akasema Shangazi. "Nilidhani ni ya wenye watu wa kuwasemea."

Hapo nikaenda kuongeza maji. Si kwamba nilikuwa na kiu. Nilikaa pale kwenye maji muda mrefu kidogo, nikisoma tangazo la kuzuia mbu.

Niliporudi walikuwa wakizungumza bila mimi, vichwa pamoja, na fomu ilikuwa nyingine. Bi. Yim akanirudishia yangu. Akasema, "Bwana Mok, wewe huishi na mzee. Mzee ndiye anayeishi na wewe, tena kwa siku sita tu."

Njiani Shangazi alitembea mbele. Mimi nilisema mengi.

Ijumaa, 14 Juni

Usaliti! Nimeusikia mwenyewe kupitia ubao!

Shangazi anamsomea Poon fomu. Kumbe Bi. Yim amemwambia Shangazi kwamba wazee wawili wanaweza kuomba pamoja hata kama si ndugu, na wakiwa pamoja hupata haraka. Na Poon yuko kwenye orodha miaka mitano tayari! Mtu ana nafasi kwenye foleni na hakunidokeza! Nikagonga ubao.

"Mnaniibia mzee wangu!"

Halafu sauti ya Poon: "Kijana, kelele. Tunajaza sehemu ya magonjwa. Mimi nina mengi, tunahitaji utulivu."

Na Shangazi akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka hivyo, hata baba alipokuwa hai.

Nimemwambia nimeumia. Akanijibu, bila hasira, kwamba yeye alikuja akijua ninachotaka. Alikuja kwa sababu hata anayemtaka kwa ajili ya fomu ni mtu wa kuongea naye jioni. Kisha akaniambia nile, supu inapoa.

Nimekula. Kwa kinyongo.

Jumanne, 24 Septemba

Sijaandika tangu Juni kwa hasira na kwa kukosa mahali pa kuweka kiwiko.

Wamepewa. Chumba, jiko lao wenyewe, dirisha linaloona mlima. Ghorofa ya kumi na nne, na lifti mbili. Poon amezipanda zote kabla hajaingia ndani, akiweka sikio ukutani. Akasema ya kushoto inahitaji mafuta. Alikuwa na machozi. Nikajifanya ninatazama vitufe.

Nilibeba sufuria tena, safari hii kushuka. Nilipofika kwao nikapima kwa macho. Kati ya meza na kabati panaingia godoro. Nikawaambia wazee wawili wanahitaji mtu wa kuwatunza, mwenye nguvu, wa damu.

"Jumapili," akasema Shangazi. "Uje ule, uondoke."

Akanipa ufunguo, lakini wa sanduku la barua.

Bi. Yim naye alikuwa amekuja kuhakikisha wazee wamehama salama, akapita kwenye jengo letu kukagua chumba cha Poon. Akachungulia changu. Akainua macho. Juu ya kitanda, dari imepasuka tangu kimbunga cha mwaka jana, nondo za zege zinaonekana. Mimi nimeshazoea, nimetundika soksi.

Akaniuliza kama ninalala chini ya dari hiyo. Nikasema wapi pengine? Kisha akasema, kwa sauti ambayo hajawahi kunitumia, kwamba kuna nyumba za muda kwa watu wanaoishi kwenye vyumba vya hatari, kwamba ninastahili, na kwamba nilistahili muda wote huu. Mkaguzi atakuja Alhamisi na kamera.

"Usiguse kitu, Bwana Mok. Acha ilivyo."

Jumatano, 25 Septemba

Nimelala chali asubuhi nzima ninautazama ufa. Upana wa vidole viwili. Vitatu ukikaza macho. Je, mtu hupewa nyumba kwa vidole vitatu? Mji huu una nyufa ngapi? Foleni ya nyufa itakuwa ndefu kuliko zote! Mkaguzi ameona kubwa zaidi. Atapiga picha moja, atapiga miayo, ataondoka.

Bi. Yim ni mtu mwema, lakini hana jicho la biashara. Bidhaa lazima ing'arishwe.

Nimenunua nyundo.

Alhamisi, 26 Septemba

Naandika kwa mkono wa kushoto, hospitalini.

Pigo la kwanza: vumbi. La pili: ufa ukafika vidole vinne, safi kabisa, ningepaswa kuacha hapo. La tatu lilikuwa la kusawazisha tu.

Dari yote imeshuka. Mkaguzi alifika wakati huohuo, mtu wa kutunza saa. Alinikuta nimekaa kitandani, mweupe kama unga, nyundo mkononi. Akauliza ninafanya nini. Nikasema ninatundika picha. Akatazama juu. Akauliza, darini? Kisha akaandika kwa muda mrefu sana, pande zote mbili za karatasi.

Wameufunga mlango wa chumba kwa utepe. Miavuli yangu iko ndani.

Ijumaa, 27 Septemba

Bi. Yim amepiga simu. Faili limewekwa kando: uharibifu wa makusudi. Nitaruhusiwa kuomba upya mwakani. Kabla ya kukata simu aliuliza, si kwa ukali, "Nilikuambia maneno mangapi, Bwana Mok? Mawili tu. Usiguse kitu." Kwa muda huu watanitafutia kitanda kwenye hosteli ya wanaume.

Shangazi amekuja na supu ya mung'unye. Poon akaja nyuma yake na goti lake, mabasi mawili, ili anitazame na kutikisa kichwa. Shangazi akanilisha kijiko kwa kijiko, akipuliza upoe. Akasema ningekaa tu. Ningelala tu kitandani na kumfungulia mtu mlango. Mdomo ulikuwa umejaa. Alipokuwa akinipangusa kidevu alikuwa na macho mekundu. Nadhani ni vumbi lililobaki kwenye nywele zangu.

Walipoondoka, muuguzi akaja. Akasema mkono wa kulia umeteguka kidogo tu, kidonda cha kichwani ni kidogo, nimebahatika, bandeji ya siku mbili inatosha na Jumatatu niende kazini.

Nikakumbuka viti vya dirisha la pili, nikamuuliza kama anazo bandeji nyingine. Akasema zipo tele.

Nikamwomba anizungushie zaidi. Mpaka kwenye jicho. Ikiwezekana, yote mawili.