Kiongozi wa Matembezi ya Tanga, Tawi la Omurushaka

Jumatatu, 9 Juni 2025
Walimu wa Bugene, huku kwetu bara, wanakwenda Tanga Jumamosi. Siku tatu za kutembea kwa miguu: Raskazone kando ya bahari, bustani ya Jamhuri, mitaa ya Ngamiani. Wanatafuta wa kuwaongoza, nauli ya basi bure. Nani kama si mimi, Zubeiri muuza vitenge wa Omurushaka, mzaliwa wa Ngamiani? Niliondoka nina miaka tisa, kweli, na sijarudi. Lakini baraza ya bibi yangu naijua hata nikifumba macho. Nataka kuikalia tena kabla sijafa. Hilo sijamwambia mtu.
Tatizo ni Hanifu wa duka la viatu. Naye katoka Tanga. Naye kaomba.

Jumanne, 10 Juni
Mwalimu Benitha, mkuu wa msafara, anataka kila mmoja wetu awatembeze hapa hapa kwanza. Hanifu kawapeleka Kihanga leo. Mimi kesho nitawaonjesha pwani: matembezi, kisha kahawa chungu kwa vikombe vidogo. Mke wangu Rukaya anasema niwaoneshe Bugene tu, niache mbwembwe. Rukaya haelewi utalii.

Jumatano, 11 Juni
Aibu. Nilisahau kwamba huku hupiti mlango wa mtu bila kuingia. Kila nyumba tuliitwa, tukaamkia, tukakaa. Saa tatu nzima, nusu kilomita. Kwa bibi Kokwijuka tukaletewa kahawa ya kutafuna, buni kavu kwenye kijikapu, heshima ya mgeni. Nikaona riziki imejileta. Nikazikusanya buni zote, hata za viganjani mwa walimu, nikaomba kinu nizitwange nichemshe. Bibi akauliza kwa Kinyambo, lugha ya huku, kama kahawa yake ina kasoro. Nikamweleza kwamba pwani ndivyo inavyoandaliwa. Ikatoka kama maji ya kufulia magunia. Nilikunywa peke yangu, vikombe vinane. Kumbe bibi ni mama yake Benitha.

Alhamisi, 12 Juni
Kachaguliwa Hanifu. Yeye kule Kihanga alitafuna alichopewa, akashukuru, basi.
Benitha kapita dukani pamoja na Hanifu. Mama yake kanisamehe, bado anacheka. Anasema kiti kimoja kimebaki. Niende kama msafiri tu, Hanifu atangulie. Nikamkumbuka bibi yangu akinipozea uji barazani. Nikakaribia kukubali. Hanifu akasema kwa upole kwamba atanipitisha mtaani kwetu nikaione nyumba. Anipitishe! Mimi! Nikajibu nina shughuli.

Jumamosi, 14 Juni
Basi limeondoka na kiti kitupu. Kilikuwa cha dirishani. Nimelia kidogo nyuma ya majora ya vitenge. Rukaya kaniletea chai. Ningeitikia tu, saa hizi ningekuwa njiani kwenda kwenye baraza ya bibi yangu.
Mchana kaja Placida, katibu wa kwaya ya Kilutheri. Kwaya inakwenda Mombasa Agosti, wanataka kutembezwa mji wa kale. Kasikia Hanifu anapajua. Nikamwambia Hanifu hapajui hata kidogo, mimi ndiye niliyekulia pale. Mombasa sijawahi kufika. Matembezi ya majaribio ni Ijumaa.