Odekoloni ya Mama

Leo siku ya ine, saa ine ya asubui, nilipata haya. Mbele ya kilasi nzima!

Masœur, mwalimu wetu, alituomba kila muntu alete kintu chenye jina yake ilitoka ku jina ya muji. Georgette, rafiki yangu, alileta tulle, ile kitambaa ya kichwa ya arusi ya dada yake (Tulle iko muji ya Bafaransa). Mimi nilileta chupa ya odekoloni. Niliitosha chini ya kitanda ya Mama, bila kumuuliza. (Mimi hata kuomba chumvi naogopa.)

Nikasimama, nikanyanyua chupa. "Cologne iko muji ya Ujerumani. Mutaliano moya alikaa kule, akatengeneza maji ya kunukia, akaipa jina ya ule muji: eau de Cologne, maji ya Cologne. Bafaransa njo balieneza jina. Kwetu Elisabethville, kila maji yenye kunukia tunaita odekoloni, hata ile banamwangia maiti."

Ilitoka muzuri! Ningekaa pale, ningepona. Lakini nilijisikia mukubwa. Nikafungua chupa, nikamumwangia Masœur ku mikono.

Harufu kali ikajaa mu kilasi. Kisha Georgette:

"Aa! Kumbe Cologne iko upande ya Kasungami?"

Kilasi ikapasuka na kicheko. Kasungami njo kwenye banapika lutuku! Ile pombe kali yenye kukatazwa! Palepale nikaelewa. Basoda ba ku barrage, kwenye banafunga barabara, banakunywa kila chupa banayokamata, lakini odekoloni banaiacha. Mama yangu, présidente ya bamama ba parokia, anapitisha lutuku yake mule!

Masœur akanusa mikono. Akanusa tena.

"Inatoka wapi?"

"Ku Cologne, Masœur."

"Mutoto wangu, mimi niko hapa miaka kumi na mbili."

Akafungia chupa mu kabati.

Magaribi nikamwambia Mama yote. Nikangojea fimbo. Yeye akakaa chini.

"Akimwambia padiri, nimekwisha." Kisha, pole pole: "Aliimwanga?"

"Hapana, Mama."

"Asante Mungu."

Akanipa odekoloni ya kweli, ile ya siku ya misa. "Kesho umupelekee. Sema ulikosea chupa."

Siku ya tano, asubui. Nilipiga hodi kwa bamasœur mbele ya kengele kulia. Masœur akapokea chupa, akanusa.

"Exposé yako ya mu kilasi: nane juu ya kumi. Iyi murudishie Mama. Ile ya jana, Masœur Mukubwa anaipakala ku magoti. Anauliza kama iko ingine."

(Ku magoti. Ndiyo.)

Nilikimbia mu kilasi. Basi, mucheke, lakini pole pole: bamama ba parokia bako na masikio.