Chaza wa Mama Mkwe

Jumatatu, 8 Julai 1974

Sabasaba imepita, bendera zimekunjwa, kazi imerudi. Leo Bwana Saburi, mtafiti wa Serikali anayetufundisha kufuga chaza hapa Utende, ametangaza jambo. Kijiji kitapata Msimamizi wa Shamba la Chaza! Mmoja tu. Atapewa buti za mpira na baiskeli. Ama mimi, ama mfugaji mwenzangu Mfaume. Tarehe ishirini, maji yakipwa vizuri, atakuja mgeni kutoka Dar es Salaam kupima chaza wetu. Mwenye wanono ndiye.

Nimemwambia mke wangu Mwatima aanze kuzoea kuniita Bwana Msimamizi. Akasema kwanza nikateke maji. Nimeteka. Hata wakubwa huanzia chini.

Jumanne, 9 Julai

Nimekagua kizimba changu kule mikokoni. Chaza wamekonda! Ukimfungua mmoja unaona ute tu. Wa Mfaume wanono, na mwenyewe anajua. Siku hizi ananisalimia kwa sauti ya matanga. Simpendi mtu yule, ingawa mandazi ya mkewe ni matamu.

Nikafikiri. Kuku akikonda hupewa machicha ya nazi. Mbuzi hali kadhalika. Mafia nzima hakuna kiumbe asiyenenepa kwa machicha. Chaza ni nani hata akatae? Nikamwaga kikapu kizima kizimbani. Mwatima akauliza chakula cha kuku kimekwenda wapi. Nikasema kuku nao wajifunze kujitegemea.

Alhamisi, 11 Julai

Kaa! Kaa wa bahari nzima wamepata habari. Wamekula machicha, kisha wakawala na wenyeji. Nimebakiwa na magamba matupu. Bwana Saburi akauliza mbona kaa ni wengi upande wangu. Nikasema wamependa usafi. Ameandika.

Jumamosi, 13 Julai

Bweni! Nimepanda lori la nazi mpaka huko ncha ya kaskazini ya kisiwa, kwa mama mkwe wangu Bi Mize. Barabara nusura initoe roho. Nikamwambia, macho chini, kwamba nina hamu ya chaza wa kwao. Maskini, alivyofurahi! Akasema wakwe wengine wanadharau kitoweo cha mwambani. Akateremka yeye mwenyewe na wanawake wenzake, wakanijazia gunia. Chaza hao kila mmoja kiganja kizima! Nikaona haya kidogo. Kidogo tu.

Najua kuna sheria. Bwana Saburi anaihubiri kutwa: chaza wa nje haingii ghubani kwetu mpaka akae kwanza katika pipa la karantini, achunguzwe, maana huenda amebeba maradhi au konokono mtoboaji. Konokono hao wakishaingia, shamba lote limekwisha. Sawa. Lakini Bweni si nje. Bweni ni ukweni.

Jumapili, 14 Julai

Kijiji kizima kimekwenda shamba la ujamaa kupalilia mihogo. Mimi mgongo uliniuma. Walipopotea machoni ukapona. Maji yalinifika kifuani, lakini kabla ya adhuhuri chaza wa Bweni walikuwa wamekwisha pangwa kizimbani, wametulia. Mwenyekiti wa kijiji aliporudi akanipa pole. Nikaipokea.

Jumatano, 17 Julai

Bwana Saburi ameinua kizimba changu, akabaki kinywa wazi. Akauliza nimefanya nini. Nikasema ni subira na moyo safi. Mfaume amewahesabu chaza wangu mara tatu. Nimekula wali wa nazi, nikalala mchana. Alhamdulillahi, maisha matamu.

Jumamosi, 20 Julai

Sijui nianzie wapi.

Mgeni alikuja. Wakapima chaza wa Mfaume, wakapima wangu, wangu wakashinda mbali. Mgeni akanishika mkono. Mwenyekiti amekwisha simama alitaje jina langu, na buti naziona pale mezani, nyeusi, zinang'aa. Mara lori la nazi likasimama. Nani anashuka? Mama mkwe! Amekuja kumjulia hali binti yake.

Akazungumza kwanza na Mwatima pembeni, ndipo akanijia. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Kisha akaniuliza, mbele ya umati, kama lile gunia lake la chaza lilinoga, maana amemwuliza Mwatima naye hakuliona jikoni. Mfaume, mtu asiye na haya, akamwomba Bi Mize arudie, eti hakusikia vizuri. Akarudia! Akasogea mezani, akawatambua chaza wake mmoja mmoja, na kuwasifu.

Wote wakanigeukia. Ningesema bibi huyu amekosea, buti zilikuwa zangu. Lakini mama mkwe! Kwetu hata usoni humtazami, utamkanushaje mbele za watu? Mtu aliyekupa mke! Ulimi ulikataa kabisa. Nikasema ni kweli, mama, ndio hao, ahsante sana.

Watu walicheka. Bwana Saburi hakucheka. Alikaa akawafungua mmoja mmoja mpaka akatoa konokono mdogo kama punje ya mtama. Akasema kazi yake yote ya ghuba hii ingeliwa na huyo. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Roho iliniuma hasa.

Mfaume ndiye Msimamizi. Mimi, kwa adhabu, nimekabidhiwa pipa la karantini: chaza wa Bweni wahamie humo, nami niwabadilishie maji kila siku.

Jumatatu, 22 Julai

Pipa liko kivulini. Nimejiletea kigoda. Kutoka hapa namwona Mfaume topeni, anapekua vizimba vyote kutafuta konokono, na buti zimemjaa maji. Mama mkwe bado yupo, anapika. Anasema mkwe asiyemwaibisha mkwewe ni wa kushikwa kwa mikono miwili. Wapita njia wakiniuliza nafanya nini, nawajibu Karantini ya Serikali. Wanaondoka kwa heshima. Kumbe nilikuwa nahangaika bure!

Alhamisi, 8 Agosti

Dhuluma! Bwana Saburi amesema shamba limesalimika, hakuna konokono aliyeonekana tena, na chaza wa Bweni ni wazima. Kesho pipa linafungwa, nami nirudi kwenye mihogo. Yaani cheo changu kife kwa sababu maradhi hayapo?

Nikafikiri. Pipa moja ni adhabu. Mapipa matano ni idara! Idara haikosi mkuu, na mkuu hakosi baiskeli. Hapa pwani kuna wavuvi wa dago kutoka Kilwa, kesho wanavunja kambi kwenda kwao kuchukua chumvi, kisha watarudi. Nimewaagiza magunia manne ya chaza. Nimewaomba wachague wenye konokono wengi. Na safari hii nimetumia akili: Kilwa sina mkwe.